Maji ya Maganda

Mama yangu alimenya viazi vitamu kwa unene wa kuudhi. Kisu kilizama mpaka ndani, na kiazi kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo kuliko kile alichoanza nacho. Kisha alivikata vipande, akavichemsha kwenye maji mengi, akayamwaga maji yale nyuma ya nyumba na kuweka mengine. Mbuzi wa jirani walinenepa kwa maganda yetu. Nilimwambia mara nyingi kwamba anatupa chakula, naye alinijibu kwamba anajua vizuri sana anachotupa.

Alijua kweli. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, na ulifika wakati mgao ulipungua hadi debe la unga likawa la kuangaliwa tu. Mama alikuwa akienda kwa mwanamke mmoja aliyeuza viazi vya kuchemsha pale sokoni kambini, anamwomba maganda. Aliyaosha, akayachemsha kwa chumvi, tukayala, na maji yake tukayanywa tukiyaita supu. Mimi nilikuwa mdogo na nilichokumbuka ni joto la bakuli. Yeye alikumbuka jinsi yule mwanamke alivyosogeza ndoo ya maganda kwa mguu.

Tuliporudi Burundi na kupata kipande cha shamba Butihinda, mimi, mama na kaka yangu, kitu cha kwanza alichopanda ni viazi vitamu, na jambo la kwanza alilosema vilipokomaa ni kwamba katika nyumba yake hakuna mtu atakayekula ganda tena. Hakuapa wala hakupaza sauti. Alisema tu, na ikawa sheria.

Nayaeleza haya kwanza ili ieleweke niligusa nini nilipomwambia aache kumenya. Mama alikuwa anaumwa, nilitaka aishi, na nilidhani nimempatia dawa. Alikufa. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza ni kiasi gani cha kifo kile kilitoka mikononi mwangu, na sijapata mtu wa kunijibu.

Wakati huo nilikuwa Gitega, mwaka wa mwisho chuoni, nikiandika ile kazi ya kumalizia masomo tunayoiita memwari. Somo langu lilikuwa mizizi tunayokula: viazi vitamu vyeupe, vya njano na vile vya ngozi nyekundu, karoti, na beterave, ile mizizi inayotia mikono rangi ya damu. Nilitakiwa kutoa ndani yake vitu vinavyoitwa antioksidanti na kupima nguvu yake. Kazi yenyewe haina maajabu. Unamenya, unakausha, unasaga, unaloweka kwenye pombe kali ya maabara, unachuja kwa karatasi. Kisha unachukua tone la ulichokichuja na kulitia kwenye kimiminika cha zambarau. Kama tone lako lina nguvu, zambarau inafifia mpaka inakuwa njano. Mashine inasoma imefifia kiasi gani.

Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilicheka peke yangu. Nyama ya kiazi iliifanya zambarau ipauke kidogo, kwa uvivu. Ganda la kiazi kilekile, lile linalokwenda kwa mbuzi, liliigeuza njano nikiwa bado sijaweka bomba la kioo chini. Nikarudia. Nikarudia tena na viazi vya mama mwenyewe, alivyonipa kwenye mfuko wa sandarusi. Ganda lilishinda. Na maji yaliyochemshiwa maganda nayo yalishinda nyama.

Lazima niseme mimi ni mtu wa aina gani, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mimi ni mjuaji. Tangu shule ya msingi mama aliniita mwalimu, na hakuwa ananisifu. Nikijua jambo asubuhi, jioni nimeshakasirika na wote wasiolijua. Siku ile nilitoka maabara nimevimba kichwa, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsahihisha alikuwa mama.

Alikuwa na presha kwa muda mrefu. Alikuwa amepungua, anachoka akipanda toka kisimani, na jioni miguu yake ilivimba hadi kandambili ziliacha alama. Nilimwambia aende hospitali Muyinga. Alikwenda, akarudi na vidonge, akasema ni presha ileile. Mimi nikamwamini, kwa sababu lilikuwa jibu lililoniruhusu kubaki chuoni.

Likizo ilipofika nilimkuta uani, kisu mkononi, lundo la maganda miguuni. Nilikaa mbele yake nikaanza somo. Kati yetu tulizungumza Kiswahili cha kambini. Kirundi kilikuwa cha jirani na cha kanisani, na Kiswahili kilikuwa cha mambo yetu.

"Mama, unatupa dawa."

"Dawa gani, mwalimu?"

"Mwili wa mtu unashika kutu taratibu, kama bati. Ndani ya ganda kuna vitu vinavyoizuia ile kutu. Nimeviona kwa macho yangu, kwenye mashine."

Alitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi. "Kwa hiyo umetoka Gitega kuja kuniambia nina kutu."

Mke wa kaka yangu, wifi yangu, alikuwa anapepeta maharage karibu yetu. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Na mimi nilicheka. Halafu nikamwambia mama avioshe viazi vizuri, avichemshe na maganda yake, na yale maji asiyamwage, ayanywe asubuhi. Akasema hapana. Nikaeleza tena, akasema hapana tena, kwa upole, huku anaendelea kumenya. Hapo ndipo hasira yangu ya karibu iliponipanda.

"Utakufa kwa sababu ya kuona haya," nilisema. "Kambi imekwisha, mama. Ni wewe tu bado unaishi kule."

Wifi aliacha kupepeta. Mama aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Jioni alipakua viazi, vyeupe, vimemenywa vizuri, na akaniwekea mimi vikubwa. Asubuhi nilipoondoka alinipa mfuko mwingine wa viazi vya maabara. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba ukweli hauombewi radhi, na nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Kwa kawaida alinibipu nimpigie mimi, lakini siku ile alitumia salio lake.

"Nimeanza," alisema.

"Umeanza nini?"

"Maji yako ya maganda. Glasi kubwa, asubuhi, kabla ya chai. Na viazi nakula na ngozi yake."

Niliruka pale kwenye varanda ya chuo. Nilimuuliza kama anajisikia nafuu, akasema anajisikia nafuu. Nilimuuliza kuhusu miguu, akasema inapungua. Nilifurahi, na kama kawaida yangu, nikiona jambo linafanya kazi naliongeza. Nilinunua beterave pale soko la Gitega, nyingi, nikatafuta njia ya kuzifikisha.

Njia niliipata kwa laboranti wetu, mzee mmoja Mwislamu kutoka Muyinga mjini. Ndiye aliyetunza funguo za maabara, chupa na mashine, na ndiye aliyenifundisha kuchuja bila kupasua karatasi. Ukoo wao ni wa washonaji na wauza vitambaa, na ndugu yake alikuwa akija Gitega kila wiki na gari la mzigo. Beterave zangu zilisafiri juu ya majora ya vitambaa hadi Muyinga, kaka yangu akazichukua kwa baiskeli hadi Butihinda. Zilikwenda mara tatu. Nilimwandikia mama maelekezo kwenye karatasi ya maabara, yenye mistari: azichemshe na ngozi, maji yote anywe.

Siku ya mara ya tatu, mzee yule alikuwa anafunga mfuko, akaniuliza zinakwenda kumfanyia nini mama. Nikamweleza. Aliacha kamba.

"We, mama yako iko na ugonjwa gani?"

"Presha, mzee."

"Presha peke yake? Na miguu? Inavimba?"

"Ilikuwa inavimba. Sasa inapungua."

"Bon. Mi sikusoma kama we. Lakini mama yangu mdogo alikuwa na mafigo. Dokteri alimukatalia kabisa beterave. Viazi alimwambia amenye, akate-kate, apike, ile maji amwage yote. Hata kunywa kidogo alimukatalia. Uliza mama yako vizuri."

Nilijua alichokuwa anakisema. Viazi vitamu na beterave vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zenye afya hutoa ziada yake bila taabu, na figo zilizochoka haziwezi. Ikibaki kwenye damu inausumbua moyo. Na potasiamu hutoka kwenye kiazi kuingia kwenye maji ya kuchemshia. Haya yote yamo vitabuni, na kwenye ukurasa wa kwanza wa memwari yangu niliyaandika mwenyewe, nikiisifu mizizi yetu kwa wingi wa potasiamu. Sikuwahi kuyaweka pamoja na miguu ya mama yangu.

Nilimpigia palepale.

"Mama, pale hospitali walikuambia una tatizo la figo?"

Nilisikia kuku, nilisikia wifi akifagia.

"Figo? Nani amekuambia figo?"

"Nauliza tu. Kama una figo mbovu, acha yale maji leo hii. Acha na beterave."

"Ni presha tu, mwanangu. Soma."

"Una hakika?"

"Soma, nimekuambia. Unasoma au unauza simu?"

Nikacheka. Nilikata simu nikashusha pumzi, nikamwambia mzee kwamba hakuna neno, ni presha. Alinitazama kidogo, akafunga kamba, akaubeba mfuko kupeleka kwenye gari. Ningeweza kumpigia kaka yangu. Ningeweza kumpigia wifi. Namba zao zilikuwa kwenye simu ileile, chini kidogo ya jina la mama. Sikupiga, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka.

Kaka alinipigia asubuhi ya siku ya soko, siku kumi na moja baadaye. Mama alikuwa ameanguka kisimani. Walimchukua kwa pikipiki, katikati ya dereva na kaka, hadi hospitali Muyinga. Nilitoka Gitega nikiwa na koti la maabara mwilini. Nilipofika, kaka alikuwa amesimama nje ukutani, mikono ameifumbata kifuani, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

Daktari alikuwa kijana, labda hatukupishana miaka mingi. Alisema figo zilikuwa zimechoka muda mrefu, na mwishoni moyo ukasimama. Nilimuuliza kama ni potasiamu. Aliuliza kwa nini nauliza hivyo, nikamwambia kila kitu: maganda, maji, glasi kubwa, beterave. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba mgonjwa wa namna ile angeweza kuondoka hata bila hayo. Nikamuuliza, na pamoja na hayo? Alitazama faili. Akasema haya mambo huwezi kuyapima nyuma. Nilimchukia kwa jibu hilo, na baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amenitendea wema kadiri alivyoweza.

Tulimzika Butihinda, pembeni ya shamba la viazi. Watu walikuja wengi, wengine wa kambini, waliosambaa Gashoho na Buhinyuza baada ya kurudi. Wanawake walimkumbuka kwa mambo mazuri. Mmoja alisema mama alikuwa na mtoto msomi wa dawa za mizizi huko Gitega, na kwamba kila mgeni alielezwa habari ya mashine. Nilikaa pale kwenye mkeka nikitamani ardhi inimeze.

Siku ya kuondoa matanga ya kwanza, baada ya watu kunawa na kutawanyika, wifi aliniita chumbani kwa mama. Alitoa Biblia chini ya mto. Ndani yake kulikuwa na karatasi mbili zimekunjwa pamoja. Moja ilikuwa yangu, ile yenye mistari ya maabara. Nyingine ilikuwa ya hospitali, imeandikwa Kifaransa, na tarehe yake ilikuwa ya miezi minne kabla ya ile likizo. Ilisema figo. Ilisema chumvi kidogo. Ilisema viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Karoti kidogo. Beterave hapana. Mstari kwa mstari ilikuwa inaeleza jiko la mama yangu lilivyokuwa siku zote, mpaka nilipofika mimi na somo langu.

"Lakini hakujua Kifaransa," nilisema. Nilikuwa natafuta pa kushika.

"Nesi alimweleza kwa Kirundi," wifi alisema. "Nilikuwepo. Alimweleza mara mbili."

"Alijua ni figo?"

"Alijua. Alinikataza nisikuambie, wala kaka yako asikuambie. Alisema ukijua utaacha masomo uje kumwangalia, na yeye hakukubeba kutoka kambini ili uje kumwogesha."

"Na maji? Alijua hayafai, kwa nini aliyanywa?"

Wifi alizikunja zile karatasi, akazirudisha kwenye Biblia kama zilivyokuwa, moja juu ya nyingine. Wifi si mtu wa maneno mengi, na nilimwona anatafuta namna ya kulisema bila kuniumiza, akaikosa.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Nilimwambia, mama, nesi alisema umwage. Akanijibu, nesi hana mashine. Mwanangu anayo, na ameona kwa macho."

Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia hata kaburini. Kaburini nililia kwa sababu amekufa. Pale nililia kwa sababu aliniamini.

Nilirudi Gitega. Watu walinishauri nibadili somo, lakini hakukuwa na muda, na tena somo lenyewe halikuwa na kosa. Hilo ndilo gumu zaidi kulieleza. Kila nilichokipima kilikuwa kweli. Ganda bado lilikuwa linaigeuza zambarau kuwa njano, kwa haraka ileile, na nilikaa mbele ya ile mashine nikiitazama rangi inavyofifia, nikijua kwamba bomba la kioo halina figo wala moyo. Kilichoingia kwenye bomba kilikuwa ganda. Kilichoingia mwilini mwa mama kilikuwa ganda na kila kilichokuja nalo, pamoja na neno la mtoto wake. Laboranti hakuniambia kamwe kwamba alinionya. Alinipa mkono wa pole, akasema mfuko ule wa mwisho hata yeye aliupeleka kwa mikono yake, kisha akakaa karibu nami akiosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Mwisho wa memwari kulikuwa na mapendekezo. Nilikuwa nimeyaandika kabla ya kifo: watu wahamasishwe kula mizizi pamoja na maganda na kutumia maji yake. Niliongeza sentensi moja, kwamba mwenye ugonjwa wa figo asifanye hivyo kabla ya kuuliza daktari. Siku ya kuitetea kazi, mmoja wa wakubwa waliokuwa wanasahihisha alisema sentensi ile iko nje ya mada, sikufanya utafiti juu ya wagonjwa. Alikuwa na haki. Nilimwambia kwa heshima kwamba nipunguziwe alama, lakini sentensi ibaki. Ilibaki.

Mwaka ulipotimia tulifanya matanga ya mwisho. Nilifika Butihinda siku mbili kabla, kusaidia kupika. Tulikaa uani mimi na wifi, palepale, na magunia mawili ya viazi mbele yetu. Nilimenya kwa kisu cha mama. Nilimenya kwa unene wa kuudhi, na mbuzi wa jirani wakaja wenyewe bila kuitwa. Tulivikata, tukavichemsha kwa maji mengi, nikabeba sufuria nyuma ya nyumba, nikayamwaga. Niliporudi wifi alikuwa ananitazama.

Kulikuwa na jambo moja nililokuwa nalizunguka mwaka mzima, na kwenye simu sikuthubutu. Nikaliuliza huku nimeinama kwenye sufuria. Nilimuuliza kama mama alikuwa akiyapenda yale maji, kama labda alishayazoea, kama hata kidogo yalikuwa matamu kwake.

"Alikuwa anashika pua," wifi alisema. "Kila asubuhi. Anashika pua, anafumba macho, anameza yote. Siku moja nilimuuliza yana ladha gani, mbona anateseka hivyo. Akasema yana ladha ya kambini. Kisha akaniambia nikusalimie ukipiga simu, nikuambie ni matamu."